Miezi Kumi Mtini, Siku Nne za Mabawa

Mkulima wa Kiminini hahitaji kuelezwa kiwavi ni nini. Tangu kiwavijeshi wa bara la Amerika aingie Kenya mwaka 2017, mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia na Bungoma yamekuwa uwanja wa mapambano. Kuna waliobeba pampu za dawa mgongoni msimu baada ya msimu, na kuna waliotia majivu na mchanga ndani ya majani yaliyojikunja ili kumsonga mdudu aliyejificha humo. Kabla yake alikuwapo kitoboashina, ambaye bado yupo, pamoja na viwavijeshi wetu wa Afrika wanaovamia kwa makundi kisha wakatoweka. Wote hao ni watoto wa nondo. Ndiyo maana katika ghala kuu la mahindi la nchi hii nondo hana wa kumtetea.

Lakini chuki hiyo imewabeba na wasiohusika. Wanasayansi wamekwisha kuwapa majina vipepeo na nondo wapatao spishi 160,000 duniani, na karibu tisa katika kila kumi ni nondo. Wanaokula mahindi ni wachache mno. Wengi wana mti wao mmoja au miwili msituni, na shambani kwako hawaji hata ukiwaalika. Kati ya hao yupo mmoja ambaye maisha yake yamefuatiliwa hapa magharibi mwa Kenya, siku kwa siku, kwa makini ambayo wadudu wachache wa msitu wamewahi kuyapata. Ukiyasoma maisha hayo utaona kwamba mwenye mabawa anayezunguka taa ya barazani ni sehemu ndogo tu ya mnyama mwenyewe.

Jina lake la kitaalamu ni Anaphe panda. Alilipata mwaka 1847 kutoka kwa Jean Baptiste Boisduval, daktari Mfaransa aliyewapenda wadudu kuliko, nadhani, alivyowapenda wagonjwa. Vielelezo alivyovitazama vilitoka kusini mwa Afrika, lakini mdudu huyu yupo katika misitu mingi ya bara hili. Mabawa yake yana weupe wa maziwa, yamekatwa na mistari mipana ya kahawia iliyokolea. Mwili wake ni mnene, umevaa manyoya kama aliyejiandaa kwa baridi ya milima ya Cherangani. Kwa ukoo, ni ndugu wa mbali wa yule kiwavijeshi wa mahindi, ingawa tabia zao hazifanani hata chembe.

Msitu ambamo amechunguzwa vizuri zaidi ni wa Kakamega. Kutoka Bungoma si mbali: unapita Webuye, unavuka mto Nzoia, unaishika barabara ya Malava. Huko, katika maeneo mawili ya msitu, Ikuywa na Isecheno, watafiti wa icipe, kile kituo cha wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, walimfuatilia nondo huyu tangu yai mpaka kifo na kuchapisha waliyoyaona mwaka 2010. Ikuywa ni msitu wa miti ya asili. Isecheno ni mchanganyiko. Tofauti hiyo itakuja kuwa na maana.

Kila kitu kinaanzia kwenye mti. Kwa Kiswahili unaitwa mkarati, Waganda huuita katazamiti, na jirani zetu wa Kakamega shikangania. Wataalamu wanauandika Bridelia micrantha. Hupenda kingo za mito na mabonde yenye unyevu, hivyo ni mti wa nyumbani kabisa kwa mtu wa Bungoma, kwenye nchi iliyochanwachanwa na mito ya Kuywa, Chwele na Kibisi. Shina lake likiwa changa lina miiba. Matunda yake ni madogo, meusi yakiiva, na huliwa na ndege na watoto. Magome yake huchemshwa kwa maradhi ya tumbo. Mbao zake ni ngumu na mchwa hawaziwezi kirahisi, jambo linaloufanya mti huu upendwe na kila anayetafuta nguzo ya nyumba au ya ghala. Upendo wa namna hiyo ndio unaoumaliza.

Jike la nondo hutaga mayai kwa fungu kwenye majani ya mkarati, kisha huyafunika kwa manyoya anayoyatoa kwenye ncha ya tumbo lake. Baada ya hapo hana la ziada la kuwapa watoto wake. Mayai hayo hukaa siku 40 hadi 45 kabla ya kuanguliwa. Ni muda mrefu kwa yai la mdudu. Mayai ya kiwavijeshi wa mahindi huanguliwa kwa siku chache tu, na hapo ndipo unapoanza kuona kwamba hawa wawili wanaishi kwa saa tofauti. Yule wa mahindi ana haraka kwa sababu chakula chake kitavunwa. Huyu wa msituni anategemea mti ambao, kwa hesabu zake, utakuwapo mwaka ujao.

Viwavi wakitoka, hawatawanyiki. Wanakula pamoja, wanapumzika pamoja, na wanapohama kutoka tawi moja hadi jingine huenda kwa msafara, kichwa cha wa nyuma kikimgusa aliye mbele. Tabia hii ni ya ukoo mzima. Ulaya kuna binamu zao wanaoishi kwenye misonobari, na katika miaka ya 1890 Mfaransa Jean-Henri Fabre aliwachezea mchezo ambao mpaka leo husimuliwa. Aliwaacha waanze kuuzunguka ukingo wa chungu kikubwa cha maua, wa kwanza akawa nyuma ya wa mwisho, na duara likafungika. Walizunguka takriban wiki nzima. Watu huipenda hadithi hiyo kama mfano wa ujinga wa kufuata mkumbo, hasa wakati wa kampeni za uchaguzi. Mimi naona wanamwonea kiwavi. Kwenye mti halisi hakuna duara la kufanyizwa, na kumfuata mwenzako ndiko kunakokufikisha kwenye majani mabichi, na ndiko kunakokuweka ndani ya kundi lenye manyoya mengi kiasi kwamba maadui wengi huona si mlo.

Manyoya hayo ni silaha kweli. Hukatika, huingia kwenye ngozi, na huwasha vibaya, na yakifika jichoni ni shida nyingine. Mzazi akiona watoto wanachokonoa kundi la viwavi hawa kwa kijiti, awaite. Hata hivyo silaha hii haiwazuii wote. Siafu, nyigu, buibui, vunjajungu, na wale nzi wanaotaga mayai juu ya kiwavi ili watoto wao wamle akiwa hai, wote wana hisa katika kundi hilo. Watafiti wa Kakamega walijaribu kuwafunika viwavi kwa mifuko ya neti iliyofungwa kwenye matawi. Zaidi ya nusu ya waliokingwa walifanikiwa kufika hatua ya kujenga kifukofuko. Kwa wasiokingwa, ilikuwa takriban mmoja katika watano, na kwenye sehemu moja chini ya hapo. Msituni hiyo ndiyo hali ya kawaida, na kwa sababu hiyo jike hutaga mayai mengi.

Kiwavi hujivua ngozi na kuingia hatua mpya mpaka atimize hatua saba. Wakati wa kiangazi safari hiyo huchukua siku 83 hadi 86. Mvua zikiwa zimeshika, huchukua siku 112 hadi 118, mwezi mzima zaidi. Mdudu hana moto wake mwenyewe wa kuupasha mwili joto, hivyo hali ya hewa ndiyo inayompangia mwendo. Anayejua mvua za magharibi, zile zinazoanza saa nane mchana na kuacha kila kitu kimelowa hadi kesho yake, hatashangaa.

Kisha huja kazi ambayo kwangu ni ya ajabu kuliko zote. Viwavi wanaofikia ukubwa wao huacha kula, hukusanyika, na kujenga kiota kimoja cha hariri. Si kila mmoja na nyumba yake, kama alivyo nondo wa hariri wa China. Hawa kwanza husuka ukuta wa nje kwa pamoja, halafu tabaka gumu la kahawia linalofanana na karatasi nene, tabaka juu ya tabaka, na ndipo ndani yake kila mmoja hujifungia kifukofuko chake kidogo, wakiwa wamebanana. Hakuna fundi mkuu wala aliyepima. Kiota huning'inia kwenye tawi, na mpita njia asiyejua hudhani ni uchafu, au mzinga wa nyigu uliohamwa.

Humo ndani, wakiwa pupa wanaogeuka kuwa nondo, hukaa kimya muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote: siku 158 hadi 178 kwa msimu wa mvua, na siku 107 hadi 138 kwa kiangazi. Watafiti waliona jambo moja zuri, kwamba waliochelewa kuingia kwenye hatua ya pupa hukimbia na kuwafikia waliotangulia. Nondo hutoka kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Mei. Na wakitoka, huishi siku nne hadi sita. Majike kwa jumla walionekana kudumu zaidi ya madume, na wote walionekana kuishi zaidi Ikuywa, kwenye msitu wa asili, kuliko Isecheno.

Jumlisha. Yai, kiwavi na pupa kwa pamoja huchukua kuanzia miezi minane hivi hadi kumi na mmoja. Mabawa ni siku nne, tano, sita. Katika siku hizo nondo hali chochote, kwani kinywa chake hakikukuzwa kwa ajili ya kula. Anaruka kwa akiba ya majani ya mkarati aliyoyatafuna miezi kadhaa nyuma. Atatafuta mwenzi, jike litaufikia mti, basi. Ukisema umemwona Anaphe panda kwa sababu amegonga balbu yako usiku wa Novemba, umemwona akiwa njiani kumaliza shughuli.

Hapa ndipo ninapoufikiria mji wa Kitale, ambao una historia ya wadudu ambayo miji mikubwa kuliko huo haina. Luteni Kanali Hugh Stoneham, Mwingereza aliyekusanya wadudu, ndege na vitabu maisha yake yote, alianzisha jumba lake la makumbusho huko mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia Kenya makusanyo hayo pamoja na fedha za kujengea jengo jipya, na makumbusho ya Kitale yanayojulikana leo yakahamia humo Desemba 1974. Jirani yake kwa kazi, si kwa uzio, alikuwa T.H.E. Jackson wa Kapretwa, kwenye miteremko ya mlima Elgon, mtu wa vipepeo aliyefundisha Wakenya kadhaa kazi ya kukusanya na kuwatuma mbali, hadi misitu ya magharibi mwa Afrika. Jackson alifariki mwaka 1968. Sehemu kubwa ya waliokusanywa ipo London na Nairobi, na katika vitabu majina ya wale Waafrika waliobeba nyavu hayatajwi mara nyingi kama lake.

Nenda ukaangalie droo za namna hiyo popote duniani. Utaona nondo wamepangwa kwa safu, mabawa yamenyooshwa, pini imepenya kifuani, na chini yake kijikaratasi: mahali, tarehe, aliyemkamata. Ni kazi ya heshima, na bila hiyo tusingejua nani anaishi wapi. Lakini kijikaratasi hicho ni cheti cha siku zile nne. Hakisemi alikula mti gani, ukuta wa kiota chake ulikuwa na tabaka ngapi, wala siafu waliwamaliza wangapi katika ndugu zake. Taa huvuta wenye mabawa, na mkusanyaji huchukua kinachokuja kwenye taa. Kwa hiyo kwa nondo wengi wa msitu wa Elgon tuna sura ya mwisho ya kitabu bila zilizotangulia. Mwaka 2013 mtafiti Ingo Lehmann alipounda jenasi mpya ya nondo wa ukoo wa Metarbelidae, ambao viwavi wao hutoboa magome na mbao, aliipa jina Mountelgonia. Mlima wetu umo kwenye vitabu vya sayansi. Ni watu wangapi wa Kapsokwony au Endebess wamewahi kuambiwa?

Kilichomfanya Anaphe panda asomwe kitabu kizima ni hariri, yaani pesa. Icipe ilikuwa ikitafuta mapato kwa wanaoishi kando ya misitu ili msitu uwe na faida ukiwa umesimama. Mwingi, Ukambani, walifanya kazi na nondo mwingine, Gonometa postica, anayeishi kwenye migunga. Kakamega ikawa zamu ya mkarati. Hariri ya kiota cha pamoja haiwezi kufumuliwa uzi mmoja mrefu kama ya China. Huchemshwa kwanza ili gundi na manyoya vitoke, kisha husokotwa kama pamba, na hutoa uzi wa kahawia nyepesi. Wayoruba wa Nigeria wamefuma nguo ya heshima, sanyan, kutoka kwa hariri ya nondo wa jenasi hii tangu zamani, na huvaliwa kwenye shughuli kubwa.

Lazima nimwage maji baridi kidogo. Kizazi kinachochukua karibu mwaka si biashara ya kukopea. Tulishaona mwaka 2013 na 2014 jinsi watu walivyouza ng'ombe wakanunua kware, na yai la kware likashuka bei kuliko la kuku. Anayemuuzia mkulima wa Chwele ndoto ya utajiri wa hariri ya msituni amwambie pia kuhusu zile siku 178 za kungoja. Hariri hii ni ziada kwa mwenye miti tayari.

Wala asije mtu akashauri tuwale, kwa kuwa kumbikumbi tunawala. Kongo na Nigeria viwavi wa jenasi hii huliwa, ni kweli. Lakini kusini-magharibi mwa Nigeria madaktari kwa miaka mingi walipokea, kila msimu wa mvua, watu waliotetemeka na kuyumba wasiweze kutembea sawasawa. Chanzo kilikuja kufahamika: viwavi wa Anaphe venata wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na aliyekuwa na lishe duni hupungukiwa mpaka neva zikaleta shida. Mboga za kunde zinatutosha.

Swali linalobaki ni la mti. Kwenye vilima vya Elgon, miti mingi iliyopandwa kwa karne moja iliyopita ni misonobari na misaiprasi, sehemu yake ikikilisha kiwanda cha karatasi cha Webuye kilichofunguliwa mwaka 1974. Binamu wa Ulaya angeshukuru kuiona misonobari. Huyu wetu haitambui kama chakula. Kando ya mito, mahali pa mkarati pamechukuliwa na mikaratusi, kwa sababu nguzo zake hunyooka upesi na kampuni za umeme hununua. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Kelele zilikuwa nyingi, na ukipita leo kando ya Kuywa utajionea mwenyewe agizo lilifika wapi. Mti mmoja wa mkarati katikati ya mikaratusi hamsini unaweza kubeba kundi la viwavi. Lakini jike lenye siku tano za kuishi, lisilo na kinywa cha kula, haliwezi kuutafuta kwa kilomita nyingi. Umbali kati ya mkarati na mkarati ndio unaoamua kama mwakani kutakuwa na nondo, na umbali huo unapangwa na mwenye panga.

Kupanda mkarati si kazi ngumu. Mbegu zake huota vizuri zikiwa mpya, na ukiwa mchanga hukua haraka kuliko miti mingi ya asili. Ndege wakila matunda yake watakupandia mingine bila malipo, kwa kawaida mahali ambapo hukupanga.

Ukikuta kiota kwenye tawi, usikivunje kwa mkono mtupu, kwani manyoya yamebaki humo hata kama wenyewe wameondoka. Tafuta tundu la kutokea. Chenye tundu kimehamwa, unaweza kukichukua kwa glavu na kukichemsha. Kisicho na tundu kina watu ndani, na kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Mei wataanza kutoka.